Udongo Wako ni Franka Yako

Ndugu msomaji, umekwisha kuangalia mto kisha mvua kubwa? Maji ni mekundu. Ile rangi ni udongo wa juu wa shamba lako, ule unaolisha muhindi.

Kuko wanaosema: wakulima ni wavivu, ndiyo maana hawachimbi mifereji ya kuzuia maji. Si vile. Tuhesabu pamoja. Kazi ya mifereji inaomba siku nyingi, na mfereji wenyewe unakula sehemu ya shamba. Faida inakuja nyuma, pengine msimu wa pili ao wa tatu. Lakini watoto wanataka bukari leo. Tena, kama shamba ni la kukopeshwa, nani atalitengeneza kwa faida ya mwingine?

Watu wa Machakos, katika Kenya, walijua taabu hii. Miaka ya 1930 wakubwa wa ukoloni waliandika kwamba inchi ile inaharibika, kisha wakalazimisha watu kuchimba. Watu hawakupenda. Walichimba kwa moyo walipoona faida: waliuza kahawa na matunda, na wenye kazi mjini walituma mshahara nyumbani. Mfereji unafuata usawa wa kilima, udongo unatupwa upande wa juu. Kwa hiyo wanauita «fanya juu». Toka 1932 mpaka 1990 watu waliongezeka karibu mara sita, lakini mavuno kwa kila mtu hayakupunguka, yaliongezeka.

Na sisi? Kwetu Katanga, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa mwaka 2003, na jamaa nyingi zilirudilia jembe. Mgodi unaweza kufungwa, tumbo halifungwi.

Basi wewe unayepata franka ya madini ao ya makala, weka kidogo katika udongo. Usianze na shamba lote. Chimba mfereji mmoja msimu huu, pale juu, maji yanapoingilia. Panda matete kwenye ukingo: mizizi itashika udongo, mbuzi watakula majani. Mabua ya muhindi usiyachome.

Lakini mbele ya yote, baba na mama, muende kwa mwenye shamba ao kwa shefu wa kijiji. Mupatane miaka mingapi mutalima, mbele ya mashahidi. Bila hiyo, jasho lako litavunwa na mwingine.

Na ninyi vijana, musicheke mzee anayechimba mfereji. Udongo ukishuka mtoni, haupandi tena.