Majani machanga yakigeuka manjano: kabla ya kununua dawa ya chuma

Wandugu wanamemba, udongo wetu wa Bunia ni mwekundu juu ya chuma. Kimo kingi. Sasa juu ya nini nyanya za pepinyeri zinaonyesha njaa ya chuma?

Mmea hauli kutu, unakunywa chuma kilichoyeyuka majini. Tukimwaga majivu ya jikoni kila juma kwenye tuta lilelile, ao tukizidisha chokaa, udongo unapoteza ukali wake na chuma hakiyeyuki tena. Ndiyo maana kuzika misumari chini ya mti hakusaidii kitu.

Kabla ya kutoa franga za koperative, angalieni majani. Yale machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, hapo fikirieni chuma. Kama yameanza yale ya zamani ya chini, si chuma. Mara nyingi ni azoti, na samadi iliyooza vizuri itawafaa zaidi.

Kelati ni chuma kilichoshikwa na asidi ili kisigeuke kutu. Jina lenyewe latoka kwa Kigiriki, gando la kaa. Mkiinunua, someni mfuko. EDTA inafaa udongo wenye ukali. Penye majivu mengi inaachilia chuma. Pale EDDHA ndiyo inavumilia, lakini bei yake iko juu.

Ya kupulizia majani mnaweza kuitengeneza wenyewe. Kwa pompi ya lita 15, yeyusheni kwanza gramu 15 za asidi sitriki (ao kama mililita 300 za maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri), kisha gramu 75 za sulfati ya chuma. Pimeni kwa mizani, si kwa kiganja. Sulfati nzuri ni kijani. Ikiwa kahawia imeshaharibika. Pulizieni jioni, na mumalize siku ileile. Inatia madoa kwenye nguo, na mtoto akiimeza inaweza kumuua, kwa hiyo ifungiwe mbali na jikoni.

Jaribuni mimea michache kwanza, mungoje siku kama kumi. Majani yaliyopulizwa yakirudi kijani, chuma ndicho kilikosekana. Lakini chuma hakihami toka jani la zamani kwenda jipya: majivu yakiendelea kumwagwa pale, majani yatakayofuata yatatoka manjano tena.