Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Mikumi ni mji wa barabarani. Malori ya barabara kuu ya TANZAM yaendayo Zambia na Kongo hulala hapo, abiria wa Ifakara hushuka hapo kubadili gari, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hupita wakitafuta pa kupiga kambi. Wapo wanaokuja na hema juu ya Land Cruiser, na wapo wanaovuta tela la kulala: chumba kidogo cha magurudumu chenye kitanda, jiko, taa, pampu ya maji na friji, vyote vikitegemea betri moja au mbili. Alfajiri, mwenye tela na dereva wa lori hupeleka kwa fundi malalamiko yale yale. Jana betri ilikuwa nzima, leo imelala.

Ukishika barabara ya Ifakara kutoka Mikumi utafika Kidodi, na milima ya Vidunda itakuwa juu yako. Mto Ruaha Mkuu unapita kusini mwa milima hiyo kwenda Kidatu, kwenye mtambo ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na ambao kwa uwezo wake wa megawati 204 ulikuwa kwa miaka mingi mtambo mkubwa kuliko yote ya umeme wa maji nchini. Lakini nguzo za umeme hazipandi mlima kwa urahisi. Katika vitongoji vya mbali, mashamba yakiwa kwenye miteremko na nyumba zikiwa zimetawanyika, taa za jioni na chaji ya simu hutoka kwenye paneli ya sola na betri. Kwa jicho la fundi, nyumba ya mkulima wa Vidunda na tela la mtalii aliyepaki Mikumi ni kitu kimoja: kuna chanzo cha chaji, kuna waya, kuna betri, na kuna vifaa vinavyokula umeme. Hata maradhi yao ni mamoja.

Na kosa linalowagharimu ni moja. Betri ikizimika mara mbili tatu, mwenyewe huihukumu kuwa mbovu, hununua mpya, na baada ya miezi michache mpya nayo inafuata njia ile ile. Mara nyingi betri ya kwanza haikuwa na kosa. Ilikuwa haishibi, au ilikuwa inanyonywa usiku kucha na kitu ambacho hakuna aliyekitazama.

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijabadilika sana katika msingi wake. Ndani ya betri ya volti 12 kuna seli sita, kila moja ikitoa zaidi kidogo ya volti 2. Umeme unapotumika, sahani za risasi na asidi huungana na kufanya chumvi laini nyeupe juu ya sahani. Chaji inaporudishwa, chumvi hiyo huyeyuka. Betri ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, chumvi huwa ngumu na haitoki tena kwa chaji ya kawaida. Hapo ndipo betri inapokufa kweli. Kwa hiyo betri iliyozimika usiku mmoja na kuchajiwa kesho yake bado ina maisha mbele. Iliyozimika ikasahauliwa uani hadi mwisho wa mwezi imeshapoteza sehemu ya uwezo wake, na haitaurudisha.

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu mkubwa. Mita ya kupimia volti, ile ya mkononi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, inatosha. Betri ichajiwe ijae, iachwe ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, kisha ipimwe. Volti 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12 ni karibu robo, na chini ya 11.8 hakuna cha kutegemea. Wengi huona mita ikisoma 12 wakaridhika kwa sababu betri yenyewe inaitwa ya volti 12, kumbe iko ukingoni. Kama betri iliyojaa jana, isiyofungwa na chochote, leo imeshuka yenyewe hadi 12.2, tatizo limo ndani yake. Kama imebaki pale pale, haina kosa, na uchunguzi unahamia nje.

Nje kuna mambo mawili ya kuuliza: kinachoingia na kinachotoka.

Tuanze na kinachoingia. Gari likiunguruma, altaneta yenye afya hupeleka kwenye betri kati ya volti 13.8 na 14.4. Mita ikionyesha 12.5 huku injini inazunguka, hakuna chaji inayoingia, na betri mpya haitasaidia lolote. Kwenye tela kuna mtego mwingine, kwa sababu umeme husafiri kutoka mbele ya gari hadi nyuma kwa waya mrefu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 wenye mita 10 kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 15, hupoteza takriban volti 1 njiani. Altaneta inatoa 14.2 na betri ya tela inapokea 13.2. Taa ya kuonyesha chaji kwenye tela imewaka na mwenye gari ana uhakika anachaji, kumbe kwa saa zote kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi betri yake haijafika hata karibu na kujaa. Dawa ni waya mnene, na kipimo kichukuliwe kwenye betri ya tela yenyewe.

Sola nayo ina hesabu yake. Paneli ya wati 100 katika siku ya jua zuri la saa tano hurudisha kwenye betri, baada ya hasara za njiani, ampea-saa 30 hadi 35. Kivuli cha tawi moja la mwembe kikiangukia kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Ukanda wa chini ya Vidunda, kuanzia Ruhembe hadi Kidatu, una jambo lake pia: miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi husafiri na upepo na kutua juu ya mabati, nguo zilizoanikwa, na paneli. Kitambaa chenye maji asubuhi, kabla paneli haijapata joto, hurudisha umeme ambao wengine wangeutafuta kwa kununua betri.

Kinachotoka ndicho kinachohitaji uvumilivu. Friji ndogo ya gari, ukijumlisha muda inaponguruma na inapotulia, hula wastani wa ampea 2 hivi. Kwa siku nzima ni ampea-saa 48. Betri ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu ikiwa mwenyewe anataka idumu. Basi friji peke yake, bila taa wala simu, imemaliza fungu lote la siku. Mgeni anayelala kambini siku tatu bila kuwasha gari wala kuwa na sola anadai betri impe kisichokuwemo.

Halafu kuna umeme unaotoka wakati kila kitu kimezimwa. Redio inayotunza kumbukumbu, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, kigundua gesi ndani ya tela, inverta iliyoachwa ikiwaka bila kitu: kila kimoja hunyonya kidogo. Gari zima likilala, matumizi ya ampea 0.05 au pungufu ni ya kawaida. Ikifika 0.5, kwa siku ni ampea-saa 12, na siku nne zinatosha kuifikisha betri ya ampea-saa 100 nusu bila mtu kugusa swichi. Namna ya kumnasa mwizi huyu ni kuzima kila kitu, kufungua waya wa hasi, na kuunganisha mita, ikiwa imewekwa upande wa ampea 10, kati ya waya huo na kichwa cha betri. Stata isiguswe, maana itaunguza mita. Gari la kisasa liachwe nusu saa vidude vyake vilale, ndipo fyuzi zichomolewe moja moja. Fyuzi ikitoka na namba ikaanguka, mwizi yuko kwenye njia hiyo.

Madereva wa malori wana kosa lao, na ni la kawaida sana. Lori kubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Redio au friji ya volti 12 ikifungwa, waya huchukuliwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo hutumika zaidi ya mwenzake, lakini altaneta huzichaji zote mbili kwa pamoja bila kujua ipi ina njaa. Moja hubaki nusu tupu, nyingine huchajiwa kupita kiasi na kuchemka. Dereva hubadilisha ile dhaifu, na mpya inarithi kazi ile ile. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachokula kwa betri zote sawa.

Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani navyo huzuia chaji. Vifunguliwe, kuanzia hasi, visafishwe kwa brashi ya waya na maji yenye magadi, vikaushwe, vikazwe barabara, vipakwe grisi. Kazi hii ni ya dakika chache na imeokoa betri nyingi zilizokuwa njiani kwenda kuuzwa chuma chakavu.

Kuhusu maji, wanaotumia betri zenye vizibo wasikilize kwa makini. Kinachopungua kwenye seli ni maji, asidi hubaki. Anayeongeza asidi kwa matumaini ya kuipa betri nguvu anaziharibu sahani zake. Maji ya bomba au ya kijito cha mlimani, hata yakiwa maangavu, yana madini yanayoharibu. Yanayofaa ni yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, na yafunike sahani bila kujazwa hadi mdomoni. Na joto la bonde la Kidatu lisisahauliwe. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri karibu nusu, kwa hiyo sanduku lisilopitisha hewa juani halifai. Ile hofu ya kuweka betri kwenye sakafu ya saruji ilitokana na magamba ya zamani. Gamba la plastiki la leo halina shida hiyo.

Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na ikitumika kuwasha taa usiku kucha huchakaa haraka. Ya kazi ya usiku, nyumbani au kwenye tela, iwe yenye sahani nene, inayouzwa kama betri ya sola.

Ikithibitika kwamba imekufa, isivunjwe uani kutafuta risasi wala asidi isimwagwe shambani. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilitia sumu watoto na watu wazima, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake. Betri kuukuu irudishwe dukani inaponunuliwa mpya, ikiwa wima, vizibo vimefungwa. Na kabla hela haijatoka mfukoni, fundi aombwe apime mambo matatu mbele ya mwenye mali: volti ya betri iliyopumzika, volti wakati wa kuchaji, na ampea zinazotoka kila kitu kikiwa kimezimwa.