Istanbul: Nguo ni rahisi, njia ndiyo hula faida

Mfanyabiashara wa nguo anayetoka Kariakoo au Eastleigh kwenda Istanbul hupiga hesabu ya bei ya jumla, nauli ya ndege na ushuru wa forodha. Hesabu ambayo wengi huisahau ni ya kilomita 40 na ushei zilizoko kati ya kiwanja cha ndege na maduka ya Laleli, ambako siku nzima ya biashara inaweza kuteketea.

Waliozoea kiwanja cha zamani cha Ataturk, kilichokuwa karibu na mji, wasahau ramani hiyo. Ndege za abiria zilihamishwa zote tarehe 6 Aprili 2019 kwenda kiwanja kipya kilichoko kaskazini, ambacho kilikuwa kimezinduliwa Oktoba 2018. Hiki kina jengo moja tu la abiria, lenye ukubwa wa meta za mraba milioni 1.4. Mwaka 2024 walipita hapo abiria wapatao milioni 80, idadi inayozidi Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022.

Faida ya jengo moja ni kwamba hakuna kupotea kwa kwenda jengo lisilo lako. Hasara yake ni miguu. Kutoka mlango wa ndege hadi dirisha la pasipoti, na kutoka hapo hadi kwenye mizigo, mgeni anaweza kutembea dakika 20 au zaidi. Saa ya mkononi haina haja ya kuguswa, kwani tangu mwaka 2016 Uturuki hutumia saa moja na Afrika Mashariki mwaka mzima.

Akishatoka, msafiri ana njia tatu. Ya kwanza ni treni ya chini ya ardhi, M11, iliyoanza kazi Januari 2023 hadi Kağıthane na kufikishwa Gayrettepe Januari 2024. Hutembea kwa kasi ya hadi kilomita 120 kwa saa, na Gayrettepe hufikiwa kwa nusu saa hivi. Hapo abiria huhamia njia ya M2, ambayo kwa mfanyabiashara ni kama imechorwa kwa ajili yake: hupita Osmanbey, penye nguo za kike za daraja la juu kidogo, kisha Taksim, kisha Vezneciler, ambapo Laleli ni mwendo mfupi kwa miguu. Mwisho wake ni Yenikapı, na anayetaka Merter hupanda M1 hapo. Nauli hulipwa kwa kadi iitwayo Istanbulkart, inayouzwa na mashine kituoni. Abadilishe fedha kidogo tu za kadi hiyo. Viwango vya kiwanjani si vizuri, na wauzaji wa jumla wa Laleli hutaja bei kwa dola.

Njia ya pili ni mabasi ya Havaist, yenye nafasi ya mizigo tumboni, yanayokwenda hadi Aksaray, jirani ya Laleli. Ya tatu ni teksi. Za njano ndizo nafuu, za rangi ya feruzi hupita hapo, na nyeusi ni ghali kuliko zote; zote hutumia mita. Basi na teksi zote ni mateka wa msongamano. Jioni ya siku ya kazi, safari ya saa moja huweza kuwa mbili.

Wakongwe wa safari hizi hugawa mambo: kwenda, wakiwa na sanduku tupu, hupanda treni; kurudi, wakiwa na robota, huchukua basi au hushirikiana teksi watu watatu. Kituo cha Gayrettepe kiko chini sana ardhini na kuunganisha njia pale ni mwendo mrefu. Asiyeamini ajaribu na kilo 46.

Chukua mfano wa tiketi inayoruhusu masanduku mawili ya kilo 23. Kwa blauzi ya gramu 300, hizo ni blauzi 150 hivi. Kila dola 100 inayopotea njiani, iwe kwa teksi, mzigo uliozidi au usiku wa ziada hotelini, huongeza senti 67 katika kila blauzi. Aliyetarajia faida ya dola mbili amekwisha toa theluthi. Mzigo mkubwa kuliko huo ni wa mawakala wa shehena waliojaa Laleli, ambao wa ndege hutoza kwa kilo na wa meli kwa ujazo.

Siku ya kufika nayo ina bei yake. Maduka mengi ya jumla hufungwa Jumapili, na anayetua Jumamosi jioni hulipa hoteli kwa kutazama vioo. Isitoshe, wengi huuza kwa seri, yaani fungu la saizi zote, si moja moja.

Kurudi, ukaguzi wa kwanza ni mlangoni mwa jengo, kabla hata ya kukabidhi mizigo, na wa pili huja baadaye. Mwenye risiti za kurudishiwa kodi apitie forodha kugongewa muhuri kabla masanduku hayajachukuliwa, maana ofisa anaweza kutaka kuziona bidhaa zenyewe. Fedha hulipwa ng'ambo ya pasipoti. Kwa foleni hizo zote, saa tatu na nusu kabla ya ndege si nyingi, na muda wa barabarani haumo humo.