Fahamu: kwa nini Carina haizeeki Uvira?

Bujumbura ilipokaukiwa petroli mwaka 2024 na 2025, wengi walivuka mpaka kuja Uvira kuitafuta. Kati ya magari yaliyojaa barabarani lilirudi jina la zamani: Toyota Carina, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 2001.

Siri yake iko kwenye injini za familia ya A, lita 1.5 au 1.6, vali 16. Hizo zilitumika pia kwenye Corolla za wakati huo, kwa hiyo pyesi hazisumbui. Mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni hazigongi vali. Fundi anafunga mkanda mpya chini ya mwembe, safari inaendelea. Toleo la 4A-GE, lililowekwa kwenye Carina chache, ndilo lililoipa sifa Corolla AE86, kipenzi cha vijana wa mbio. Wanaoipenda Carina hawajakosea damu yake.

Ila usukani uko kulia, kama Japani, na Kongo tunaendesha upande wa kulia. Ukitaka kupita lori bondeni Ruzizi, anayeona mbele ni abiria wa kushoto. Mchague vizuri, asiwe mwenye usingizi.