Mguu hausikii, lakini unawaka moto

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Kijana ameumia uti wa mgongo kwa risasi, kwa ajali au kwa kuanguka. Ukimfinya mguu, hasikii. Lakini usiku analia kwamba mguu huohuo unawaka moto. Jirani mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema anajisingizia. Leo tunaeleza kwa nini maumivu hayo ni ya kweli.

Uti wa mgongo ni barabara ya habari kati ya mwili na ubongo. Ndani ya ubongo kila kiungo kina sehemu yake: miguu, mikono, uso. Barabara ikikatika, habari za miguu hazifiki tena.

Kumbuka mwaka 2020, mpaka wa Gisenyi na Goma ulipofungwa kwa sababu ya Covid-19. Wachuuzi waliozoea kuvuka kila siku ilibidi watafute njia nyingine ya kuishi. Ubongo nao ni hivyo. Sehemu ya miguu haifi. Picha za MRI zimeonyesha kwamba sehemu za jirani, kama ile ya mikono, zinaweza kupanuka, na mawasiliano ndani ya ubongo yanapangwa upya.

Mpango huo mpya una faida na hasara. Kama kuna neva zilizosalia, mazoezi ya kurudia kila siku huzisaidia kufanya kazi zaidi, hasa yakianza mapema. Lakini neva zilizoumia, pamoja na ubongo uliokosa habari, huweza kupiga kelele ya hatari hata mguu haujaguswa. Ndiyo ule moto.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, usiukande mguu huo kwa maji ya moto wala jiwe la moto. Utaungua bila yeye kujua.

Pili, akiwa kitandani mgeuze kila baada ya saa mbili. Akiwa kwenye kiti, ajiinue kidogo kila baada ya dakika 15 hadi 30, asipate vidonda.

Tatu, mweleze mganga wa kituo cha afya jinsi maumivu yalivyo. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazitoshi, lakini zipo dawa za kutuliza neva.

Mama, baba, mwanao akilia usiku, usimwambie anadanganya. Muulize: "Panawaka wapi?" Kesho yake mwende pamoja kituoni.

(Muziki wa kufunga)