Vifaranga wa Bata Wanapokufa Bila Sababu Kujulikana

Bata si ndege wa kawaida katika Kalamba. Nchi ya Makueni na Kitui ni kavu, mito yake mingi huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na afugaye bata hana budi kuwawekea maji katika karai. Hata hivyo wako wanaowafuga, nao waijua hasara hii: vifaranga kumi wameanguliwa wazima, na baada ya siku chache wawili hawataki kula. Kesho yake wameshusha mabawa na kuchechemea. Kabla ya juma kwisha wamekufa wote, na kuku walio katika ua ule ule wanaendelea kupekua taka kana kwamba hapana jambo. Hapo ndipo maneno huanza, ya kijicho cha jirani na ya mtu aliyeonekana akipita usiku.

Lakini kule kusalia kwa kuku ni dalili ya kwanza ya kumsaidia atafutaye sababu. Kideri, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote katika ufugaji wa kuku, huwaua kuku kwa wingi na bata mara chache sana. Basi bata wakifa na kuku wakabaki, kideri chaweza kuwekwa kando. Kicheche na panya huacha damu au jeraha. Kifaranga aliyelowa maji, asiye na mama wa kumpaka mafuta ya manyoya yake, hufa kwa baridi usiku mmoja, naye huonekana alikolala. Mzoga uliooza katika maji huleta sumu ya kulegeza shingo, na sumu hiyo huwaua wakubwa pamoja na wadogo.

Yakiisha kuondolewa hayo, yabaki mambo mawili yanayoharibu ini. La kwanza ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa katika Long Island, Marekani, mnamo mwaka 1949. Huua vifaranga wasiotimiza majuma sita, na kila mgonjwa hufa upesi, pengine katika muda wa saa moja, akipiga miguu na kurudisha kichwa nyuma. Bata wazima hawaonyeshi ugonjwa wo wote. La pili ni sumu iliyomo katika chakula. Shida ni kwamba kifaranga aliyekula sumu hiyo naye huweza kufa hali kichwa kimerudi nyuma. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuamua kwa macho tu, hata kama amefuga bata miaka ishirini.

Sumu hiyo ilijulikanaje? Katika mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza. Madaktari wa mifugo hawakuona kijidudu cho chote, wakauita ugonjwa huo kwa herufi X tu, maana yake kisichojulikana. Hatimaye iligunduliwa kwamba mashamba yaliyopatwa yalinunua chakula chenye mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wengi wakadhani kosa ni la karanga za Brazili peke yake. Lakini siku zile zile vifaranga wa bata walikuwa wakifa hapa Kenya, nao walilishwa mashudu ya karanga za Afrika ya Mashariki. Vifo hivyo vya huku kwetu vilibadili mawazo ya wachunguzi: jambo halikuwa la nchi moja.

Mashudu yalipimwa kutafuta kila sumu iliyojulikana wakati ule, isionekane hata moja. Kisha, mwaka 1961, wataalamu wa Uingereza walitwaa karanga zilizoota ukungu kutoka Uganda, wakautenga ukungu wenyewe, wakauotesha juu ya karanga safi, na karanga hizo zikawaua vifaranga. Ukungu huo waitwa Aspergillus flavus, na kwa jina lake sumu ikaitwa aflatoksini. Siku hizi Kiswahili chaiita sumukuvu. Moto wa kiwanda waweza kuua ukungu, wala hauondoi sumu iliyokwisha kuingia. Ndiyo sababu chakula kisicho na dalili yo yote ya ukungu huweza kuua.

Kifaranga wa bata wa siku moja ni dhaifu mno mbele ya sumu hii. Kiasi kisichofika sehemu moja katika 50,000 ya gramu huweza kuwaua nusu ya vifaranga wanaokinywa. Kuku hustahimili zaidi, na fumbo la ua ule limefumbuka. Kwa udhaifu huo, vifaranga wa bata walitumiwa katika maabara kuwa kipimo: hunyweshwa chakula kinachoshukiwa, na baada ya juma moja ini lao hutazamwa.

Katika nyumba nyingi zetu kipimo hicho chafanyika kila mavuno bila mtu kujua. Mama wa nyumba huchagua mahindi, mazuri huenda chunguni, yaliyobadilika rangi humwagiwa ndege. Kwa maoni yangu hakuna desturi ya kuhofiwa kuliko hii, kwa kuwa yaliyochaguliwa na yaliyotupwa yametoka gunia moja.

Wakamba wameyaona. Katika Machakos, mwaka 1981, njiwa walikufa kwanza, kisha mbwa waliokula chakula cha nyumbani, kisha watu: wagonjwa 20 waliingia hospitali kwa ugonjwa wa ini, na 12 wakafa. Mahindi yao yalikuwa na sumukuvu hadi sehemu 12,000 katika kila sehemu bilioni moja, hali sheria ya Kenya leo yaruhusu 10 tu. Mwaka 2004 maafa yakawa makubwa zaidi. Kati ya Januari na Julai watu 317 waliugua, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Chakula kilikuwa kimeadimika, watu wakavuna mahindi yangali mabichi, wakayaweka ndani ya nyumba juu ya sakafu ya udongo kwa kuogopa wezi.

Basi vifaranga wakifa, asizikwe kila mmoja. Mmoja au wawili waliokufa karibuni wawekwe katika barafu, wasigandishwe, wapelekwe upesi kwa afisa wa mifugo, ambaye ataweza kuwafikisha katika maabara ya Kabete. Pamoja nao iende kilo moja ya chakula walichokula, iliyotwaliwa juu, katikati na chini ya gunia, kwa maana sumu hukaa mahali mahali. Itiwe katika mfuko wa karatasi au wa nguo. Ndani ya nailoni ukungu huongezeka njiani.

Gunia lenyewe lifungwe likingoja jibu. Kupika hakuiondoi sumu, na kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza tu. Asilishwe ng'ombe, kwani hupita katika maziwa, wala lisipelekwe sokoni. Mtu aliyekula akianza kutapika, kuumwa na tumbo au kuwa na macho ya manjano, aende hospitali siku ile ile.

Barua iandamane na vifaranga, ikitaja siku walipoanguliwa, siku kifo cha kwanza kilipotokea, wangapi wamebaki, na mahali chakula kilikopatikana. Na kama watu wa nyumba hiyo wamekula kutoka gunia lile, hilo liandikwe juu kabisa.