Maswali Ishirini: Mchezo wa Kumtafuta Mtu Mashuhuri kwa Simu



Wewe umehitimu kisomo. Unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini kujua kusoma ni kama kuwa na jembe. Jembe lisilolima huota kutu. Wako wenzetu waliopata cheti, wakakiweka sandukuni, basi. Baada ya miaka miwili mitatu, barua ikija wanamwita mtoto awasomee.

Leo tutaeleza mchezo mmoja unaoondoa kutu hiyo. Unachezwa jioni, baada ya kazi, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na simu yake. Unaitwa Maswali Ishirini. Ukiucheza vizuri utasoma, utaandika, tena utajifunza jambo kubwa zaidi: kuuliza swali zuri.

MCHEZO WENYEWE NI NINI?

Mtu mmoja anachagua jina la mtu mashuhuri na kulificha. Huyu tumwite mfichaji. Wenzake wanalitafuta jina hilo kwa kuuliza maswali. Hawa ni watafutaji. Kila swali liwe la kujibiwa "Ndiyo" au "Hapana". Maswali yakifika 20 na jina halijapatikana, mfichaji ameshinda.

Mchezo huu una ndugu yake hapa kwetu. Ndugu huyo ni kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Watu huitikia, "Tega!" Wakishindwa, humpa mji, naye huwapa jibu. Tofauti ni moja. Katika kitendawili mtegaji husema na wewe hujibu. Katika Maswali Ishirini wewe ndiye unayeuliza.

Huko Marekani mchezo huu ulianza kutangazwa redioni mwaka 1946, na Uingereza mwaka 1947. Siku hizi marafiki wanaucheza kwa simu, hata kama mmoja yuko kijijini na mwingine yuko mjini.

NAMNA YA KUCHEZA

1. Undeni kundi la WhatsApp la watu watano hadi kumi. Asiye na simu ya kupangusa akae na jirani aliye nayo, wasome pamoja.

2. Mfichaji aandike jina kwenye karatasi, aikunje na kuiweka. Hivyo hataweza kubadili jina katikati ya mchezo.

3. Kila anayeuliza aandike kwanza namba ya swali. Kwa mfano: "Swali la 3. Je, alizaliwa Unguja?"

4. Mfichaji ajibu "Ndiyo", "Hapana" au "Sijui".

5. Andikeni, msitume sauti. Kuandika ndiyo faida yenyewe. Mwenzako akikosea herufi usimcheke. Mwandikie neno hilo sawasawa.

6. Mchezo ukiisha, mfichaji aeleze kwa sentensi tatu au nne mtu huyo alikuwa nani. Kisha zamu iende kwa mwingine.

SWALI ZURI NI LIPI?

Hapa ndipo penye siri ya mchezo. Hebu tuchukue majina manane:

Julius Nyerere
Bibi Titi Mohamed
Siti binti Saad
Shaaban Robert
Chifu Mkwawa
Bi Kidude
Filbert Bayi
Wangari Maathai

Mfichaji amechagua mmoja kati ya hao. Mtafutaji mwenye haraka anauliza, "Je, ni Nyerere?" Hapana. "Je, ni Mkwawa?" Hapana. Akiendelea hivyo anaweza kutumia maswali saba. Kila swali linaondoa mtu mmoja tu.

Sasa mtazame mtafutaji mwenye subira.

Swali la 1. Je, ni mwanamke? Ndiyo. Wanaume wanne wametoka kwa mara moja. Wamebaki Bibi Titi, Siti, Bi Kidude na Maathai.

Swali la 2. Je, alizaliwa Unguja? Ndiyo. Bibi Titi, aliyezaliwa Dar es Salaam, ametoka. Maathai, aliyezaliwa Kenya, naye ametoka. Wamebaki Siti na Bi Kidude, wote wawili waimbaji wa taarabu.

Swali la 3. Je, alifariki kabla ya mwaka 1964? Ndiyo. Basi ni Siti binti Saad. Yeye alifariki mwaka 1950. Bi Kidude alifariki mwaka 2013.

Watu wanane, maswali matatu. Kwa nini? Kwa sababu kila swali liligawa kundi katikati. Nane wakawa wanne, wanne wakawa wawili, wawili akawa mmoja. Swali zuri ni lile ambalo likijibiwa "Ndiyo" au likijibiwa "Hapana", nusu ya watu wanatoka.

Chukua kalamu uhesabu. Kwa maswali 4 unaweza kumpata mmoja kati ya watu 16. Kwa maswali 5, kati ya watu 32. Endelea kuzidisha kwa mbili. Kwa maswali 10 utafika watu 1,024. Kwa maswali 20 utafika watu 1,048,576. Kumbe maswali ishirini si machache! Yakigawa sawasawa, yanatosha kumpata mtu mmoja kati ya milioni moja na zaidi.

JE, NDANI YA SIMU MNA JINI?

Iko programu inayoitwa Akinator. Ilianzia Ufaransa mwaka 2007. Wewe unafikiria mtu mashuhuri, programu inakuuliza maswali, halafu inakutajia jina. Picha yake ni ya jini aliyevaa kilemba. Watu wengine wakiona imepatia, wanashtuka. Wanasema simu inasoma mawazo.

Simu haisomi mawazo. Programu hiyo imetunza majibu ya watu wengi sana waliocheza kabla yako. Kila ukijibu, inawaweka kando wale wasiofanana na majibu yako, kisha inatafuta swali la kuwagawa waliobaki. Ni hesabu ile ile tuliyoifanya hapo juu, ila mashine inaifanya haraka.

JIBU LA UONGO HUHARIBU KAZI YOTE

Mfichaji akijibu vibaya mara moja tu, nusu inayotupwa ndiyo yenye mtu anayetafutwa. Hapo hata mkiuliza maswali mia hamtampata. Kwa hiyo mfichaji asibahatishe. Kama hajui, aseme "Sijui". Neno hilo si aibu. Baadaye atafute ukweli katika kitabu, au amwulize mwalimu.

Tena swali lenyewe linaweza kuwa na mtego. Tuseme jina lililofichwa ni Siti binti Saad. Mtu anauliza, "Je, alikuwa Mtanzania?" Ni vigumu kujibu, maana Siti alifariki mwaka 1950, na Tanzania ilizaliwa mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Ni afadhali kuuliza, "Je, alizaliwa mahali ambapo leo ni Tanzania?"

Au tuseme ni Bibi Titi Mohamed. Mtu anauliza, "Je, alikuwa mwimbaji?" Wengi watasema hapana, kwa kuwa wanamjua kama kiongozi wa wanawake wa TANU. Lakini kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika ngoma za wanawake za Dar es Salaam. Ni afadhali kuuliza, "Je, anajulikana zaidi kwa kuimba?" Maneno machache tu yamebadilishwa, na swali limenyooka.

FAIDA YAKE NJE YA MCHEZO

Labda utasema, huu ni mchezo tu, mimi una faida gani kwangu? Fikiri juu ya bomba la maji la kijiji. Tangi liko mlimani. Bomba linashuka na kupita vituo 16. Asubuhi moja kituo cha mwisho hakina maji. Bomba limeziba mahali fulani. Mtaanza kuchimba kutoka tangini, hatua kwa hatua? Mtachoka bure. Nendeni kituo cha 8, mfungue. Maji yanatoka? Basi tatizo liko chini yake. Hayatoki? Liko juu yake. Kisha nendeni katikati ya nusu iliyobaki. Kwa kufungua vituo vinne tu mtajua pa kuchimba. Hilo ndilo swali la kugawa katikati.

Na katika mkutano wa kijiji ni vivyo hivyo. Mtu akiuliza, "Mbona mambo hayaendi?" atajibiwa kwa hotuba ndefu, na ataondoka na mikono mitupu. Mwingine akiuliza, "Je, mifuko ya saruji iliyonunuliwa imeandikwa kwenye daftari, ndiyo au hapana?" jibu lake litajulikana na kila mtu. Mwenye kujua kuuliza hadanganywi kirahisi. Na wako wanaoona haya kusema mbele ya watu, hasa akina mama wengi, ambao wakizoea kuuliza kwa maandishi katika kundi, kesho watasimama mkutanoni.

MAMBO YA KUANGALIA

Msicheze kwa fedha. Mchezo wa fedha ni kamari, nayo imebomoa nyumba nyingi.

Ficheni majina ya watu mashuhuri tu. Msifiche jina la jirani. Maswali juu ya jirani hugeuka umbeya, na umbeya huleta ugomvi.

Mtu msiyemjua akituma mchezo unaotaka namba yako ya siri ya simu, usimpe. Mchezo wa kweli hauhitaji namba ya siri.

Tunzeni bando. Maandishi hula bando kidogo, picha na video hula sana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika majina yale manane, wanaume ni wanne. Ni swali gani litawagawa wawili wawili?

2. Kwa nini ni afadhali mfichaji aseme "Sijui" kuliko kubahatisha?

3. Watu wako 64. Yanahitajika maswali mangapi kumpata mmoja?

4. Ni swali gani moja ambalo ungependa kuuliza katika mkutano ujao wa kijiji chako? Liandike. Kisha lisome tena, uone kama linaweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana.